Sumu Ina Milango Mitano, Mgonjwa Hana Namba ya Kupiga

Anayeishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaishi jirani na sumu, apende asipende. Juu, katika vihamba vya Kibosho, Uru, Kilema na Marangu, mibuni hunyunyiziwa dawa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni. Chini, maji ya mlima yanakoishia miferejini, kuna mpunga wa Mabogini na Chekereni, nyanya na vitunguu vya Rundugai, miwa ya Arusha Chini; huko bomba la mgongoni ni chombo cha kawaida kama jembe. Majumbani kuna mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, dawa ya panya iliyofungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina wala onyo, vidonge vya bibi juu ya kabati. Vilabuni kuna gongo ambayo aliyeipika ndiye pekee ajuaye alichokitia. Nyikani kuna nyoka.

Sina ugomvi na viuatilifu kwa kuwa tu ni viuatilifu. Mrututu na dawa nyingine za shaba zimeibeba kahawa ya mlima huu kwa miongo mingi, na kahawa hiyo ndiyo iliyotusomesha wengi wetu, mimi nikiwamo. (Kwamba TaCRI pale Lyamungo wametoa miche chotara inayostahimili magonjwa hayo, na kwamba vihamba vingi bado vina mibuni ya wazee wetu, ni hoja ya siku nyingine.) Ugomvi wangu ni na dola. Dola hii inajua kuisajili sumu, kuikagua mpakani, kuitoza ada na kumpa kibali anayeiuza. Ikishaingia kinywani mwa mtoto wa miaka mitatu saa mbili usiku, dola hiyo hiyo haina sauti. Ninachokidai ni kitu kimoja: kituo cha kanda cha udhibiti wa sumu, kiwe Moshi, kifanye kazi saa 24, na kigharimiwe kwa fungu lililotajwa na sheria, linalotoka kwa wanaofanya biashara ya kemikali hizo.

Nieleze kwanza kituo hicho ni nini, maana nimewahi kukutana na ofisa aliyedhani nazungumzia ghala la kuhifadhia sumu. Ni chumba chenye simu, vitabu, kanzidata ya bidhaa, na watu waliosomea elimu ya sumu wanaopokezana zamu usiku na mchana. Muuguzi, mzazi au mwenye duka la pembejeo anapiga simu, anataja kilichonywewa, kiasi, saa, na umri wa mgonjwa; anaambiwa afanye nini sasa hivi, asifanye nini, na kama kuna haja ya kumsafirisha mgonjwa. Nyuma ya chumba hicho kuna akiba ya dawa za kupambana na sumu, maabara ya kuthibitisha, na daftari ambamo kila tukio huandikwa. Chicago ilianza na kituo cha namna hiyo mwaka 1953. Leo Marekani yote hutumia namba moja ya simu, na takriban theluthi mbili ya wanaoombewa ushauri huhudumiwa walipo, bila kukanyaga hospitali. Kwa mtu wa Mbokomu au Mwika, ambaye safari ya usiku maana yake ni bodaboda juu ya utelezi, hilo si jambo dogo. Na asije mtu akaniambia kwamba hayo ni mambo ya matajiri: Morocco, Senegal, Ghana na Afrika Kusini wanavyo.

Kwa nini simu, na si bango la maelekezo ukutani? Kwa sababu sumu hazina kanuni moja. Aliyekunywa mafuta ya taa ukimtapisha unaweza kumuua, kwa kuwa mafuta yanayorudi juu huingia mapafuni. Na yale maziwa ambayo kila bibi huyakimbilia mara nyingi huishia kumtapisha. Aliyemeza dawa ya magugu iitwayo parakwati, oksijeni ambayo kila mhudumu mwema angependa kumpa inaweza kuharakisha uharibifu wa mapafu yake. Aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli huonekana mzima siku ya kwanza, hata ya pili, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha ini linakufa. Mwenye sumu ya jamii ya oganofosfeti, ambayo imo katika dawa nyingi za kuua wadudu, hutokwa na mate, machozi na jasho, mboni za macho zikabana kama tundu la sindano, kifua kikajaa maji. Huyu anaokolewa na atropini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Lakini haokolewi na kichupa kimoja: hupewa, hungojwa dakika chache, huongezwa maradufu, tena na tena, mpaka kifua kikauke. Zahanati yenye vichupa vichache kabatini huvimaliza kabla ya mgonjwa kupata nafuu, na muuguzi ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kiasi hicho ni halali katika hali hiyo huogopa kuendelea. Pale sauti ya mtu mmoja anayejua, ikisema “ongeza, sista, usiogope, hesabu pumzi zake kisha uniambie,” inafanya kazi ambayo jengo jipya la ghorofa tatu haliwezi kuifanya.

Niliyaona haya kwa macho yangu miaka michache iliyopita, katika zahanati moja ya mlimani ambayo sitaitaja. Mtoto wa jirani yangu alikunywa kitu kutoka kwenye chupa ya juisi iliyokuwa chini ya kitanda. Muuguzi wa zamu alifanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wake. Alimlaza ubavu, alimmulika machoni, akaomba chupa iletwe. Chupa ilikuwa na picha ya embe. “Baba, ni dawa gani hii?” aliuliza. Baba alikuwa kwenye simu, yuko kibaruani mbali, akajibu kwamba ni dawa ya nyanya. Dawa ya nyanya ipi? Alipimiwa dukani kutoka kwenye dumu kubwa, jina halijui. Mwenye duka hakupokea simu. Muuguzi akampigia daktari aliyesoma naye, huyo naye akampigia mwingine, na zile dakika zikaenda hivyo, kwa fadhila za watu waliokuwa usingizini na ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kuamka. Mtoto aliteremshwa na gari la kubebea ndizi, na alipona. Alichokunywa hakijajulikana hadi leo. Hakikuandikwa popote, kwa hiyo kwa mujibu wa takwimu za nchi hakikutokea.

Hapo ndipo wanasiasa wetu hupata ujasiri wa kusema tatizo si kubwa. Tatizo lisilohesabiwa daima huwa dogo. Watafiti wa Kitanzania, miongoni mwao Elikana Lekei na Aiwerasia Ngowi, wamelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwahoji wakuu wa kaya 121 wa vijiji vya wilaya ya Arumeru, jirani zetu wa ng'ambo ya Mto Kikafu. Asilimia 93 walisema wamewahi kudhurika na viuatilifu maishani mwao. Mwaka 2016 watafiti hao hao wakachapisha kazi nyingine iliyohusu jambo moja tu: kwamba matukio mengi ya sumu hizo hayafiki kwenye kumbukumbu za hospitali. Mkulima anaumwa kichwa, anatapika, anaona giza, analala, kesho anaamkia shambani. Anaita uchovu.

Sasa tuitafute serikali katika jambo hili. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha. Hiyo ni Kilimo. Kemikali za viwandani na majumbani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye mamlaka yake, kwa sheria ya mwaka 2016, inabeba pia jukumu la kitaifa la kuratibu masuala ya sumu. Hiyo ni Afya. Zahanati ambako mgonjwa hufikishwa iko chini ya halmashauri. Hiyo ni TAMISEMI. Sumu inayomwagika mtoni Karanga ni ya Mazingira. Na mtu akifa, au akinusurika katika mazingira yenye utata, anaingia mlango wa tano, wa Mambo ya Ndani, na fomu yake ya PF3. Kila mlango una bango, una sanduku la maoni, una mkataba wa huduma kwa mteja. Mgonjwa wa saa nane usiku hana namba ya kupiga.

Sisemi haya kuwabeza wakemia. Maabara yao hufanya kazi ya maana, na mahakama zetu zingepotea bila wao. Lakini maabara kwa asili yake huuliza “ni nini kilichomuua?”, na jibu lake huenda kwa mpelelezi au kwa hakimu. Kituo cha udhibiti wa sumu huuliza “ni nini kinachomuua?”, na jibu lake huenda kwa muuguzi. Tofauti ya wakati wa kitenzi hapo ndiyo tofauti ya bajeti ninayoilalamikia.

Tukumbuke mwaka 2016. Watu wa Dodoma na Manyara walianza kuugua, macho yakawa ya njano, matumbo yakavimba, na kwa wiki kadhaa habari zilisema kwamba ni ugonjwa usiojulikana. Ilikuwa sumukuvu ndani ya mahindi. Waliohesabiwa walikuwa 68, waliokufa 20. Ajabu ni kwamba “ugonjwa usiojulikana” huo ulikuwa unajulikana vizuri sana jirani: mwaka 2004 Kenya ilizika watu 125 kwa sumu hiyo hiyo. Au twende Pemba. Novemba 2021 watu saba walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, nyama ya kasa ikaua tena, watoto wanane na mtu mzima mmoja, na 78 wakalazwa. Katika matukio yote hayo elimu ilikuwapo mahali fulani, ndani ya kichwa cha mtaalamu fulani. Kilichokosekana ni meza moja ambayo taarifa za watu watatu wa kwanza zingefika siku hiyo hiyo, akawapo mtu wa kusema: nimeona kitu kama hiki, zuieni chakula hicho leo.

Huku kwetu kaskazini mfano wangu mchungu zaidi ni wa nyoka. Kwa miaka mingi aliyeumwa na nyoka katika wilaya zinazoizunguka Arusha amekuwa akikimbilia kliniki iliyo kwenye bustani ya nyoka ya Meserani, mahali palipoanzishwa ili watalii watazame cobra nyuma ya kioo. Nawashukuru waliofungua kliniki ile. Lakini ieleweke maana yake: ujuzi wa sumu ya nyoka tuliokabidhiwa sisi wananchi ulitokana na biashara ya maonyesho. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na miaka miwili baadaye likaweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Tumebakiwa na miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: namba 199 ya Wizara ya Afya ipo. Ipo, na ifanye kazi yake. Lakini mpokea simu wa masuala yote ya afya si mtaalamu wa sumu, na haonekani na kabati la atropini nyuma yake. Ila ikiwa 199 itakuwa na kitufe kimoja kinachomuunganisha mpigaji na Moshi, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. La pili: tuna malaria, tuna vifo vya uzazi, tusianze mambo mapya. Jibu la hili limo ndani ya uzazi wenyewe. Mfumo wa m-mama ulianza kwa kudhaniwa kuwa anasa. Leo mama mwenye uchungu kijijini anapigiwa simu 115, mhudumu aliye zamu anauliza maswali yaliyopangwa, anaamua, anaita gari, hata kama ni gari la mtu binafsi, na dereva analipwa. Serikali ileile inayosema haiwezi kuendesha simu ya sumu inaendesha simu ya uzazi nchi nzima. Uwezo upo, umepewa kazi moja tu.

Kwa nini Moshi? Si kwa sababu ni kwetu, ingawa sitajifanya sifurahii. KCMC imekuwa hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971, ina chuo, ina wanafunzi wa famasia na udaktari wanaoweza kufundishwa kwenye meza hiyo hiyo ya simu. Mamlaka ya viuatilifu na maabara ya kanda ya Mkemia Mkuu ziko Arusha, mwendo wa saa mbili kwa basi. Mpaka wa Holili na Tarakea, unaopitisha pembejeo zilizoandikwa na zisizoandikwa, uko nyuma ya mlima. Vipande vyote vimekaa kando ya barabara moja ya lami. Shirika la Afya Duniani lilichapisha tangu 2015 muhtasari wa upembuzi yakinifu kuhusu huduma ya vituo vya sumu kwa Afrika Mashariki, karatasi tunayo. Kufikia Januari 2023 ni asilimia 47 tu ya nchi wanachama wa shirika hilo zilizokuwa na kituo cha sumu. Tukitaka kujificha ndani ya kundi kubwa, nafasi ipo.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo mlimani tunaizungumza kwa kunong'ona, nami siwezi kuiruka. Baadhi ya wanaofikishwa zahanati wakiwa na sumu mwilini hawakuinywa kwa bahati mbaya. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu mtu huyo kuwa mkosaji. Matokeo yake ni familia inayodanganya. Wanasema amekula chakula kibovu, wanaificha chupa, na muuguzi anatibu uongo. Kituo cha sumu hakiulizi nia, kinauliza kemikali. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria yao kinakiuka katiba, na sioni kwa nini Dodoma iendelee kukitunza cha kwetu. Sri Lanka nao wametufundisha jambo: kwa kujua ni viuatilifu gani hasa vilivyokuwa vikiua watu wao, walivipiga marufuku kimoja baada ya kingine, na vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Hawakuvijua kwa kubahatisha. Walikuwa na daftari.

Nimefika kwenye fedha, mahali ambapo hoja nzuri nyingi hufia. Meza moja ya simu inayokaliwa muda wote ni saa 168 kwa wiki. Kwa saa 45 za kazi alizowekewa mfanyakazi na sheria yetu, ukiongeza likizo na ugonjwa, ni watu watano. Waongeze mabingwa wawili wa kuwasimamia, akiba ya dawa, usajili wa kanzidata, gari moja. Halmashauri zetu zimewahi kutumia zaidi ya hapo kwa semina. Lakini sitaki kituo hiki kiombe fedha kila mwaka, wala kizaliwe na mfadhili ili kife siku mradi unapofungwa. Tumeshawazika watoto wengi wa namna hiyo.

Nataka nusu ya asilimia moja ya thamani ya kila shehena ya viuatilifu na kemikali hatari inayoingia nchini, ikusanywe bandarini na mipakani, iwekwe kwenye mfuko wenye jina lake. Najua neno tozo limechafuka tangu lilipobandikwa kwenye miamala ya simu mwaka 2021. Ile ilimtoza mama anayemtumia mwanawe nauli. Hii inamtoza anayeingiza kitu chenye picha ya fuvu kwenye lebo. Kanuni ya mchafuzi kulipa imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu 2004. Reli ilipata asilimia 1.5 ya bidhaa zinazoingia nchini mwaka 2015 na hakuna aliyesema uchumi umekufa. Barabara zina mfuko wao unaolishwa na kila lita ya mafuta. Wataniambia mwagizaji atamsukumia mkulima gharama hiyo. Atamsukumia, ndiyo. Kwenye chupa iliyoingia bandarini kwa thamani ya shilingi 10,000, mzigo huo ni shilingi 50, bei ya pipi moja. Mkulima wa Rundugai akiulizwa kama yuko tayari kulipa pipi moja ili mtu apokee simu mtoto wake anapokunywa dawa hiyo, najua atakachojibu.

Fedha hizo zisiende Mfuko Mkuu wa Hazina ili zirudi zikiwa zimekonda. Sheria itaje mgawanyo: simu, dawa, mafunzo ya wahudumu wa zahanati na wenye maduka ya pembejeo, na daftari linalochapishwa kila mwaka, likionyesha kata kwa kata na kemikali kwa kemikali. Daftari hilo lifike Arusha kwenye meza ya msajili wa viuatilifu kabla hajahuisha kibali cha bidhaa yoyote. Na anayewapimia watu dawa kutoka dumu kubwa kwenda chupa ya juisi anyang'anywe leseni. Kwa hilo hatuhitaji hata senti ya tozo.

Bunge la bajeti huanza Aprili na Muswada wa Fedha husomwa Juni. Watumishi wa halmashauri mnaonisoma, andikeni haja hii kwenye mipango yenu ya afya ya mwaka, ili isidaiwe baadaye kwamba haikutoka chini. Wanafunzi, hesabuni: nendeni kwenye zahanati za kata zenu mkaulize kuna vichupa vingapi vya atropini kabatini, mwaandike tarehe. Na mbunge atakapokuja kwenye mkutano wa hadhara, muulizeni kifungu hicho kitaingia katika muswada wa mwaka gani, wala msimkubalie ajibu kwa kuwaeleza habari za barabara.